Chini ya Rangi ya Tatu

Baba yangu, Lali Famau, aliondoka Lamu
na patasi mbili na kalamu ya mwanzi,
mwana wa fundi milango,
aliyejua kuchora duara kabla ya kujua saa.
Hapa petu reli haikuwako. Haiko.
Mzigo wabebwa na punda, na punda hana ratiba.

Nairobi, karakana ya garimoshi,
msimamizi alimuuliza: Wajua nini wewe?
Akasema: Herufi.
Wakampa kopo la rangi ya dhahabu.

Miaka ishirini na saba akaziandika injini majina:
ya milima asiyoipanda,
ya wakubwa wasiojua lake.
Herufi zake zilikuwa na tumbo kidogo.
Wenziwe wakimtania: Lali, hii R yako imekula wali.

Ikaja sikukuu ya reli.
Ikateuliwa injini ya kumbukumbu, kongwe,
iliyokwisha kukohoa mpaka ikanyamaza.
Wakaikwangua masizi, wakaiandalia nyekundu,
shada la shaba kifuani, na tarehe mbili.
Baba akauliza: Na waliokufa wakiilaza njia?
Akaambiwa nafasi haitoshi.
Nafasi! Na injini ndefu kuliko ukuta wa msikiti wetu.

Usiku wa kuamkia gwaride alibaki peke yake na taa ya karabai.
Juu ya rangi ya kwanza, ile ya kijivu ya kuzuia kutu,
akaandika majina aliyoyaokota miaka yote
kwa wazee wa karakana, saa ya chai, moja moja:
Gurdit, mwashi, homa.
Mwachiti wa Mazeras, baruti.
Nzioka, alitumwa maji, ndoo ikaonekana.
Na mmoja ambaye jina lake halikukumbukwa na yeyote,
ila kwamba alipenda kupiga mluzi.
Akamwandika hivyo: Mpiga Mluzi.
Kisha akapaka ya pili. Alfajiri, ya tatu.

Haikuwahi kukauka.
Mgeni rasmi aliishika injini, akapigwa picha,
akarudi kwao na nyekundu kiganjani.

Nyuma ya karatasi ya mshahara, baba aliandika:

    Umepambwa ewe gari, na mataji kifuani,
    Watu waja kwa fahari, wakugusa mgongoni,
    Hawaijui habari, iliyofichwa rangini,
    Mimi nimetia siri, nawe itunze moyoni.

Tangu hapo imepakwa kila sikukuu:
kijani, buluu, nyekundu tena,
kila utawala na kopo lake.
Siku hizi imesimama uani, kwenye nyasi,
watoto wa shule waiparamia na soda zao.
Nilikwenda mara moja. Nilipiga magoti
nyuma ya gurudumu la tatu, nikakwangua kwa ufunguo wa nyumba
mpaka mlinzi akanipigia kelele: Mama, unaharibu historia!
Nilikuwa nimefika kwenye kijivu.
Niliona mkia wa herufi, na tumbo lake.

Wapima ardhi walipokuja Hindi na fimbo zenye milia
baba alikuwa hai, macho yamekwenda.
Walisema reli yaja Lamu, yaja kweli safari hii,
wakachimbia kigingi cha zege
katikati ya simsim ya shangazi Mwanakhadi,
na namba juu yake.
Tulimpeleka. Akaipapasa namba kwa kidole,
polepole, kama apimaye homa ya mtoto.
Nani kaandika? akauliza. Nne imelala.
Halafu, tulipokwisha geuka kuondoka:
Wakija kujenga, waulizeni majina mapema.
Msingoje chai.

Hawajaja.
Nimenunua daftari, liko kabatini, jeupe.
Kwenye kigingi shangazi humfunga mbuzi wake,
jike jekundu aitwaye Stesheni.
Mwaka huu kazaa mapacha.